Nakuachia Mungu, Mama Tumsifu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Eeh, upande wa kina mama mmeitika vizuri, upande wa kina baba sijui mmeamkaje leo. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa hivyo. Wazee wetu, shikamooni. Mchungaji kanipa muda mfupi, na anajua mwenyewe alichokifanya, maana kumpa Mpare kipaza sauti ni rahisi, kumnyang'anya ndiyo kazi.

Kwa wageni mlio kati yetu, mie naitwa mama Tumsifu. Nakaanga samaki pale Wazo, kwenye njia ya kupandia kiwandani. Wanaonijua wananijua, na wanaonidai chenji nitawaona nje. Mume wangu, baba Tumsifu, ni fundi seremala. Yule pale, benchi la tatu dirishani, aliyeinamisha kichwa. Msimwangalie sana, atatoka. Asubuhi tukiwa tunavaa aliniambia, "Mama Tumsifu, usiyaseme yote." Nikamjibu nitasema ya Mungu tu. Sasa ya Mungu na yetu yameshikana, nitayatenganishaje?

Leo ni siku ya familia, na nimesimama kumshukuru Mungu aliyeniponya na msongo wa mawazo. Ndugu zangu, msongo wa mawazo si ugonjwa wa wazungu, wala wa watu wa maofisini. Mie nilikuwa nao huku napara samaki. Ulitaka kuniua, na ulikuwa umeshaishika ndoa yangu shingoni. Zilibaki siku chache tu niwe mwanamke aliyeachika, tena kwa kutaka mwenyewe.

Niwaambie kwanza tulivyo. Mie ni mtu wa Same, wa milimani huko, samaki nilikuwa namjua kwa jina la dagaa. Watani zangu Wachaga mliomo humu mnasema Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Chekeni tu, ni kweli. Mie nikishika jambo silali. Nataka maelezo, nataka jibu, na shahidi nikimpata namtaka. Baba Tumsifu ni Mmakonde wa Newala. Sijui ndivyo alivyolelewa au ndivyo alivyozaliwa, lakini kwake maneno ni kama pilipili, anatia kidogo sana. Ukimuuliza ameshindaje, anafikiri kwanza. Wakati wa uchumba hilo ndilo lililoniua kwake. Kwetu nyumbani watu saba wanaongea kwa pamoja na hakuna anayesikiliza. Nikampata mwanaume anayenitazama mdomoni mpaka nimalize! Nikasema Bwana amenikumbuka mja wake.

Lakini uchumba ni uchumba. Ukiingia ndani ya ndoa kuna siku unataka mtu wa kujibizana naye, na mie nilikuwa sina.

Shida yetu ilianzia kitandani. Vijana acheni kucheka, sikilizeni kwanza. Alinitengenezea kitanda cha mninga, kikubwa, kichwani amechonga maua kwa mkono wake. Kabla hakijaingia ndani akaja kijana mmoja, anaoa wiki ileile, na kitanda alichoagiza kwa fundi mwingine hakijaisha. Baba Tumsifu akamwonea huruma, akampa kile chetu, akaniambia atatengeneza kingine. Akatengeneza. Nacho kikaondoka, safari hii kwa mama mmoja aliyejifungua pacha. Mie, mke wa fundi vitanda, nalala kwenye godoro chini! Wateja wangu wananiuliza, "Mama Tumsifu, mbona unashika kiuno?" Ningewajibu nini jamani?

Kilipoondoka cha tatu nikawaka. Nilisema siku hiyo! Nilisema tangu napara samaki mpaka mafuta yamechemka. Zamani nikiwa hivyo yeye huchukua randa yake, anatoka uani, anaipiga randa mbao ya watu isiyo na kosa lolote. Siku ile hakutoka. Alikuwa ameanza kwenda kwenye maombi ya kina baba ya Jumatano, na huko walikuwa wamefundishwa kwamba mume asimkimbie mke wakati wa ugomvi, abaki, na aseme neno jema. Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Siku ile mie niliona mtu amesimama mbele yangu, ametulia tuli, ananitazama machoni, anasema, "Nakuachia Mungu, mama Tumsifu." Halafu huyo, akaenda kuoga.

Ndugu zangu! Si mnaishi mji huuhuu? Si mnajua neno hilo linasemwa lini? Jirani yangu mama Zuhura aliwahi kuibiwa kuku wake anayeatamia. Akasimama katikati ya njia, khanga kaifunga kiunoni, mikono juu, akasema, "Aliyemchukua kuku wangu, namwachia Mungu!" Mtaa mzima ukanyamaza. Asubuhi yake kuku kakutwa uani kwake, kafungwa miguu, na mayai yake yamo kwenye ndoo. Ndilo hilo neno. Mtu kakudhulumu, huna la kumfanya, unamwachia Mungu, yaani Mungu ndiye atakayemnyoosha. Kwetu Same mtu mzima akikuambia hivyo unatafuta wazee haraka mkae chini, myamalize kabla hayajafika juu. Sasa mie naambiwa na mume wangu, ndani ya nyumba yangu, kisa nimeulizia kitanda!

Nikajipa moyo kwamba ni hasira, itapita. Haikupita. Ikawa kila nikianza kusema, yeye anasubiri nimalize, ananitazama kwa macho yake yale ya upole, anasema, "Nakuachia Mungu." Nikigombea mbao zilizojaa sebuleni, nakuachia Mungu. Nikiondoka alfajiri kwenda Kunduchi kuchukua samaki, nimenuna, yeye yuko mlangoni na mswaki mdomoni, nakuachia Mungu. Na upole ule ndio uliokuwa unanimaliza. Angepiga kelele ningejua ni hasira. Lakini mtu anakukabidhi kwa Mungu taratibu hivyo, bila kukunja uso! Nikasema huyu ameshakata shauri.

Basi kila baya lililotokea nikalipeleka pale. Mafuta yakanirukia mkononi, kovu hili hapa, nikasema ndiyo hiyo, imeanza kujibu. Tumsifu mwanangu akashikwa na homa, nikasema hiyo. Umeme ukakatika samaki wakaniharibikia kwenye friji, mtaa mzima walikuwa gizani, ila mie nikaona giza ni langu peke yangu. Kichwa kinagonga. Moyo unakwenda mbio na nimekaa. Nikiweka tonge mdomoni halishuki. Nikaenda zahanati, muuguzi akanifunga ule mpira mkononi, akasoma, akanitazama. "Mama, una mawazo gani?" Nikamwambia sina. Akasema, "Presha hii haikuja yenyewe." Akanipa dawa, akaniambia nipunguze mawazo. Nipunguze! Watu wanakuambia upunguze mawazo, wala hawakuonyeshi yanapunguziwa wapi.

Mtaniuliza, sasa mama Tumsifu, kwa mdomo wako huo wote, kwa nini hukumuuliza? Swali zuri. Ndugu zangu, ya kitanda niliweza kuuliza. Ya mbao niliweza. Lakini unamuulizaje mtu unayelala naye, "Mbona unaniombea mabaya?" Niliogopa jibu. Niliogopa ataniambia, ndiyo, nimekuchoka. Nilikuwa bado nampenda, jamani! Nampenda na mikono yake ile yenye gundi, nampenda anavyomkata Tumsifu kucha kwa makini kama anachonga. Nikaona bora nisijue. Nikanyamaza, mie, mtu wa Same, na kunyamaza kule ndiko kulikonipandisha presha kuliko chumvi.

Nikaingia kwenye maombi. Chumba changu cha maombi kilikuwa jikoni, mwiko mkononi. "Nakataa! Kila neno baya lililotamkwa juu ya nyumba hii, nalivunja! Nalivunja katika jina la Yesu!" Mara nasikia kutoka uani, kwenye karakana yake, sauti nzito: "Amina!" Weee! Mwili ulinisisimka mpaka kisogoni. Nikasema huyu mwanaume jasiri, alaani mwenyewe na aitikie mwenyewe! Nikapandisha sauti, "Lisisimame!" Naye akapandisha yake, "Amina! Lisisimame!" Nililia pale juu ya sufuria mpaka samaki wakashika. Masikini, yeye alidhani tunaiombea nyumba pamoja.

Katikati ya hayo mama mkwe wangu akaja kutoka Newala kutibiwa macho. Mama yule sina neno juu yake. Alikuja na korosho, akaja na ming'oko kwenye mfuko, viazi vile vya porini vya kwao, akaniketisha chini akanifundisha kuvichemsha, na ananiita mwanangu. Nilikuwa namshika mkono kwenda hospitali na kurudi. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, jingine linaona kwa shida, lakini alikuwa ananipapasa mkono njiani anauliza, "Mwanangu, mbona umekonda?" Nikawa namwambia ni jua la Dar es Salaam.

Siku moja nipo kwenye karai langu, mafuta yanachemka, nikaona dunia inazunguka. Mama Zuhura alinidaka bega, ama sivyo ningeingia na uso kwenye yale mafuta. Nikakaa chini pale kwenye vumbi, nikasema, basi. Neno hili litanizika, na mwanangu atalelewa na nani? Nikamwambia baba Tumsifu nakwenda Mbagala kwa dada yangu, nina siku sijamwona. Hakuuliza. Alinibebea begi mpaka barabarani, Tumsifu, ambaye nilimwacha naye, kampakata mkono wa pili. Nikiwa nimeshapanda akashika dirisha, akasema, "Nakuachia Mungu, mama Tumsifu." Sikugeuka kumtazama.

Dada yangu anaitwa Namkunda. Ni mwalimu, ni mjane, na ni Mpare kuliko mie. Nilipomweleza, alisimama akafunga mlango kana kwamba baba Tumsifu yuko nje anasikiliza. "Huyo anakuua kwa mdomo," akasema. Siku ileile akampigia simu baba yetu mdogo kule Same. Ikapangwa Jumamosi kiitwe kikao, baba Tumsifu aje ajieleze mbele ya wakubwa, na asipojieleza nichukuliwe mie na mwanangu, mambo yaishe. Namkunda akaanza kuniandaa. Mkono ulioungua huo hapo, cheti cha presha hicho, mama Zuhura ataitwa aeleze ya karai. Mie naitikia tu kwa kichwa. Lakini nilipofungua begi langu nilikuta nimebeba shati lake la kazi, sijui liliingiaje, linanuka vumbi la mninga. Namkunda alipokwenda shuleni nililala nalo mchana kutwa. Nilikuwa nakwenda kushinda kesi, na nilikuwa naomba Mungu nishindwe.

Kabla ya kikao, simu ikaita. Baba Tumsifu. Akasema, "Mama anarudi Newala kesho. Basi litapita hapo Rangi Tatu asubuhi, karibu na mlipo. Anaomba akuone." Nikamuuliza amemwambia nini mama kuhusu mie. Akasema, "Nimemwambia dada anaumwa, umekwenda kumuuguza." Alinifichia aibu, na mie nimeshamwekea mashahidi. Moyo uliniuma. Namkunda akanikubalia niende kwa sababu ni mama mkwe na heshima ni heshima, ila akanionya nisiongee lolote, yasije yakaharibu kesi.

Nikaenda. Nikawaona kwa mbali. Mama kavaa miwani nyeusi juu ya bandeji, kakalia kigunia chake. Baba Tumsifu kasimama pembeni, shati halijapigwa pasi, mashavu yameingia ndani. Nikamsalimia mama kwa kupiga goti, yeye nikamsalimia kwa macho tu. Tukasubiri hapo watatu, muuza karanga anatupigia kelele masikioni. Basi likaja.

Mama akanyanyuka. Akamvuta mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mdogo, akamwambia, "Nakuachia Mungu, mwanangu." Na baba Tumsifu akajibu, "Nawe nakuachia Mungu, mama."

Ndugu zangu, nilitoa macho! Nikasema moyoni, hawa nao wamegombana nini? Mama na mwana, mbele ya basi, wanalaaniana huku wamekumbatiana? Bado sijakaa sawa, mama akanigeukia. Akanitafuta uso kwa vidole, akanipata mashavu, akasema, "Na wewe mwanangu, nakuachia Mungu."

Nilijitupa chini pale pale stendi, nikamshika miguu. "Mama! Hata wewe? Nimekukosea nini, mama? Kama nimekukosea niambie, usiniachie Mungu!" Watu wakasimama. Kondakta anapiga bodi ya gari, "Mama panda, tunaondoka!" Na mama mkwe wangu, mpole yule, akamgeukia, "Ngoja wewe!" Kondakta akangoja.

Akaniinua. Akaniuliza, "Nani kasema umenikosea?" Nikamwambia, "Si umeniachia Mungu?" Akashangaa kabisa. Akasema, "Sasa nikuachie nani mwingine? Mie nakwenda mbali, na macho yenyewe ndiyo haya. Nitakuangalia vipi huku? Mikono yangu haifiki. Mtu ninayempenda simwachi hivihivi njiani, mwanangu, namwambia Mungu huyu ni wangu, nishikie. Mama yangu ndivyo alivyoniaga. Na wewe unatakiwa uniitikie. Ukininyamazia nitajua umekasirika na mie."

Sijui kama ni Wamakonde wote husema hivyo au ni ukoo wa mama yule tu. Mie nilibaki nimeshika khanga yake, neno linazunguka kichwani. Nikamgeukia mume wangu. "Baba Tumsifu, na wewe ndivyo ulivyokuwa unaniambia?"

Akasema, "Sasa mie ningekuambia nini kingine?"

"Siku ya kitanda?"

"Siku ya kitanda ulikuwa na haki, na mie maneno yalinikimbia. Nikasema nikuweke kwa Mungu, kwa sababu mie mwenyewe nilikuwa nimekukosea na sijui pa kuanzia." Akanyamaza, nikadhani amemaliza kama kawaida yake. Kumbe bado. Akasema, "Na wewe hukuniitikia. Hata siku moja hukuniitikia. Nikajua umeshanitoa moyoni. Nikawa nasema tu, nikitegemea labda leo."

Ee Bwana wangu! Mwaka mzima! Mwanaume ananibariki kila siku, kila nikimpandishia, kila nikimnunia, ananibariki na kunisubiri niitikie, na mie nakimbilia jikoni kuvunja! Mie nalia sipendwi, yeye analia hapendwi, na godoro letu ni moja. Nililia, ndugu zangu, nililia kwa sauti pale Rangi Tatu mpaka muuza karanga akanipa karanga. Baba Tumsifu naye machozi yanamtoka, hajui aweke wapi mikono. Mama akampiga kibao cha begani, "Mtoto wa watu unamwambia maneno ya kwetu bila kumfundisha! Wewe na ukimya wako!" Kisha akanigeukia, "Haya, niitikie nisafiri."

Nikaitikia. Nikamwambia, "Nawe nakuachia Mungu, mama." Akapanda basi anacheka, kondakta mwenyewe kamshika mkono.

Tukabaki wawili. Tukaenda kukaa kwa mama ntilie mmoja hapo jirani, tukaagiza chai na chapati, na hapo ndipo nilipoona muujiza mwingine. Baba Tumsifu aliongea! Aliongea mpaka chai ikapoa, ikaja nyingine ikapoa. Akaniambia alivyokuwa anaamka ananiangalia nimelala, anaogopa kuniamsha asije akanikera. Akaniambia vile vitanda aliwapa watu kwa sababu aliona hakuna alichotengeneza kilichonifaa, anataka kile kizuri zaidi, na hakujua kwamba mie naona ni dharau. Na mie nikamwambia yote, ya mkono, ya samaki, ya zahanati. Nilipofika kwenye maombi ya jikoni akaniuliza, "Kwa hiyo ulikuwa unanivunja mie?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na mie naitikia amina." Alicheka, jamani! Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka vile, mpaka mama ntilie akaja kuuliza kuna nini. Tukacheka, tukalia, tukashikana mikono pale mezani kama wachumba, na ule moyo wangu uliokuwa unakwenda mbio ukashuka. Niliusikia unashuka.

Kikao hakikufa. Baba mdogo alishafunga begi, na Mpare hafungui begi. Alikuja Jumamosi, akasikiliza kisa chote, akasikitika kidogo kwamba hakuna kesi, kisha akala samaki. Namkunda alimwomba shemeji yake msamaha. Baba Tumsifu akamjibu kwa neno lake lile, na dada yangu, mwalimu mzima, akaruka kwenye kiti kabla hajakumbuka maana yake.

Niseme na hili. Nilirudi zahanati, yuleyule muuguzi akapima, akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimeongea na mume wangu. Dawa sijaacha, ndugu zangu, na wewe usiache ukasingizia ushuhuda wangu. Na kugombana tunagombana. Wiki iliyopita tu niligombea mbao, ziko sebuleni mpaka leo. Kitanda? Najua mnataka kujua ya kitanda. Kipo! Siku kilipoingia nilikikalia hapohapo, nikamwambia sasa hiki akitakaye anichukue na mie.

Nilikuwa nimemwomba Mungu alivunje lile neno. Sikumwomba anieleze maana yake, kwa sababu nilidhani naijua. Lakini ni mwema kiasi gani! Hakunijibu nilivyoomba. Angenijibu nilivyoomba, ndugu zangu, leo ningekuwa nimesimama hapa peke yangu, au nisingekuwepo. Alinitumia mama mzee asiyeona vizuri, kwenye stendi ya basi, na nikiwa naelekea kuivunja nyumba kwa mkono wangu mwenyewe.

Wewe uliyekaa hapo na moyo unakwenda mbio, kuna neno mwenzako alikuambia, unalo kifuani tangu lini sijui. Unakuja nalo kanisani, unakwenda nalo kazini, unalala nalo. Mpelekee Yesu neno hilo leo. Usimpelekee hukumu uliyokwisha kuiandika, mpelekee hilo neno na hofu yako, umwambie, Bwana, limeniumiza na sielewi. Kisha umwendee aliyelisema, kwa upole, mapema, umuulize alikuwa na maana gani. Labda utaumia, sikudanganyi, wapo wanaosema mabaya na kuyakusudia, na hao wana wachungaji na wazee wa kukusaidia, usikae nayo peke yako. Lakini labda utakuta ulikuwa unapendwa. Mwamini Mungu kwa hilo! Aliyeniokoa mie na mdomo wangu na woga wangu, wewe atakushindwaje?

Namshukuru Mungu, nawashukuru kina baba wa maombi ya Jumatano mliomfundisha abaki, namshukuru mama Zuhura kwa bega langu, na mama yangu wa Newala, ambaye macho yake yanaendelea vizuri. Mchungaji, nimeiona saa, namalizia.

Sasa hebu... Ndugu zangu, tulieni kidogo. Baba Tumsifu kasimama. Mie sijamwita, mnanishuhudia sijamwita. Anakuja huku mbele. Wazee, mpisheni apite. Njoo baba, kishike hivi, karibu na mdomo. Mie nakaa, leo nakusikiliza wewe.